Shamba la Kiwira Haliuzwi

Uyole, Mbeya

Mwanangu Tusekile,

Marahaba. Sisi wazima. Viazi vimetoka vizuri, ila bei ya lumbesa inatia hasira, hilo tuliache.

Ujumbe wako kuhusu yule wakala nimeusoma. Anataka tuuze kipande cha Kiwira ili akupeleke Uingereza kutunza wazee. Jibu ni hapana, na usinune kwanza. Nilishuka Kabwe mjini, kijana wa steshenari akanifungulia tovuti ya serikali yao na kunisomea taratibu. Njia ya watunza wazee ilifungwa kwa waombaji wapya walio nje ya nchi yao tarehe 22 Julai 2025. Siku hiyohiyo kima cha kawaida cha mshahara kwa viza ya wafanyakazi wenye ujuzi kilipanda kutoka pauni 38,700 hadi 41,700 kwa mwaka. Na ile orodha ya kazi zenye upungufu anayokutumia kwa simu ilifutwa Aprili 2024! Huyo bwana anakuuzia tiketi ya basi lililokwisha ondoka. Hata kabla ya kufunga, tangu Machi 2024 mtunza wazee mpya hakuruhusiwa kwenda na mtoto, sasa huyo wakala alikupangia umweke wapi mjukuu wangu?

Uuguzi wenyewe bado umo kwenye kazi wanazozikubali, na leseni unayo. Ila kuna jambo lilinifanya nicheke kwa uchungu. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake mwaka 2023, nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, na Tanzania imo. Kwa hiyo kanuni za Uingereza zinawakataza waajiri na mawakala kuja kuwasaka wauguzi huku. Muuguzi akiomba mwenyewe moja kwa moja kwa mwajiri, ruksa. Yaani dunia nzima imeandika kwamba tuna upungufu, zahanati yetu ina muuguzi mmoja anayezalisha na kugawa dawa, na wewe mwenye cheti unajitolea bila mshahara ukisubiri ajira. Sikulaumu kutaka kuondoka. Ningekuwa na umri wako ningeondoka pia, baba yako asisikie.

Basi omba kwa jina lako. Baraza lao la uuguzi linataka mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS, alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, kuandika 6.5. Kuandika ndiko kutakusumbua, nakujua. Ada ya mtihani nitatoa kwenye viazi. Niambie kiasi nitume. Mwajiri akijitokeza, tafuta jina lake kwenye daftari la wadhamini wenye leseni, yaani waajiri walioruhusiwa kuajiri watu kutoka nje, lipo wazi na ni bure. Akitaka umlipie gharama ya cheti cha udhamini, achana naye, sheria yao haimruhusu.

Pasipoti usimpe yule wakala. Kama ameshaichukua, nipigie leo, baba yako apande basi la usiku.

Mama yako