Chupa ya Maji Kabla ya Mionzi

Ndugu wengi tunaowasindikiza kutoka Mtwara na Lindi kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani jijini Dar es Salaam, kwa tiba ya mionzi hutuuliza swali hilohilo: "Mama anaumwa njia ya haja kubwa, mbona mnamnywesha maji halafu mnamkataza kukojoa?"

Puru, yaani mwisho wa utumbo mpana ambako saratani yake ipo, imebanana na jirani zake humo nyongani. Mbele yake kuna kibofu, na mji wa mimba au tezi dume. Juu yake utumbo mwembamba umejilegeza hadi chini, nao haustahimili mionzi: ukipigwa sana, mgonjwa anaharisha na tumbo linamsokota. Kibofu kikijaa, kinausukuma juu, nje ya njia ya mionzi.

Lakini kijae kwa kiasi kilekile cha siku ya kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya mwili ya kupangia tiba, kwa sababu ramani ya mionzi imechorwa kwa picha ile. Mgonjwa anakojoa kwanza, anakunywa kiasi alichoelekezwa, kisha anasubiri. Mzee wetu mmoja wa Newala, aliyefikia kwa mwanawe Mbagala, alinywa maji ndani ya daladala. Foleni ikamshika. Alipofika alikimbilia msalani, na dakika chache baadaye jina lake likaitwa. Ikabidi aanze upya, chupa mkononi, macho kwenye saa. Tangu hapo tunatafuta vyumba vya kufikia karibu na hospitali, hata kama bei imezidi kidogo.

Tiba ndefu huwa vipindi 25 hadi 28, siku tano kwa wiki. Katikati ya safari hiyo mkojo unaweza kuanza kuwasha, na kuubana kukawa mateso. Msivumilie kimyakimya, waambieni wataalamu siku hiyohiyo.

Na mbaazi, jamani! Tunajua ndiyo chakula chetu, ila gesi hutanua puru na kuisogeza kutoka pale ilipopimwa. Korosho za zawadi nazo zisubiri kama tumbo limeshaanza kuharisha.

Kwa dada na kaka ambao bado wanataka watoto: chupa ya maji hailindi ovari wala korodani. Muulizeni daktari kabla ya kipindi cha kwanza, msione haya, maana baada ya hapo nafasi inaweza kuwa imepita.

Tupigieni kabla ya tarehe ya CT. Siku hiyo ndiyo inayoweka kipimo cha siku zote zinazofuata, na tungependa mgonjwa afike amelala usiku mzima, si ameteremka kwenye basi asubuhi hiyo.