Mwanangu, kilianguka wapi?

Mwanangu mpenzi,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia leo asubuhi kabla hata sijafungua madirisha. Umesema uliazima kompyuta ya mwenzako wa ushirika ili umalizie kazi yako, glasi ya maji ikapinduka juu ya vitufe, na tangu hapo haiwaki. Umesema pia kwamba Jumatano hukwenda kwenye kipindi cha Biblia, na kwamba ndugu mmoja uliyemdokezea amekuambia hayo yamekupata kwa sababu ulikosa mkesha wa maombi. Ukamalizia kwa swali: "Mama, Mungu anataka kunifundisha nini?"

Nitakujibu. Ila nami nina langu la kukuuliza kwanza. Mwenye kompyuta umeshamwambia? Nimeutafuta ujumbe wako juu hadi chini, hilo sikuliona.

Nianze na huyo ndugu, nimalizane naye haraka. Alichokuambia kitoe moyoni. Katika Luka 13 Bwana Yesu aliwataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama wao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe: sivyo. Basi kama mnara ulioua watu 18 haukuwa kipimo cha dhambi zao, sembuse glasi ya maji. Wale rafiki watatu wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na mimi naamini huo ndio ulikuwa utumishi wao bora. Walipofungua kinywa wakaanza kumtafutia dhambi, na mwishoni Mungu akawakasirikia. Kwa hiyo usimchukie ndugu yako huyo, ila usimpe nafasi ya kukusomea msiba wako.

Sasa chukua Biblia, fungua Wafalme wa Pili, sura ya 6, aya saba za mwanzo. Usome kwa sauti. Najua hadithi hii unaijua tangu utotoni, na ndiyo sababu nakuomba usiikimbilie mwisho wake.

Wana wa manabii, yaani wanafunzi wao, walibanwa na nafasi, wakataka kwenda Yordani kukata miti wajenge makao mapya. Nabii Elisha akawaambia, nendeni. Hapo mmoja wao akamwomba aende pamoja nao, naye akakubali. Kaa hapo kidogo, mwanangu. Mwanzoni Elisha hakuwa amepanga kwenda safari ile. Alikuwapo ukingoni mwa mto siku ya ajali kwa sababu mtu mmoja, ambaye hata jina lake hatukuambiwa, alisema twende wote. Hakuna aliyejua kwamba kuna chuma kitakachozama. Walimtaka tu awe nao. Mimi ushirika nauelewa hivyo: unatembea na watu siku ya kawaida, siku ambayo huna shida, na shida inapokuja inakukuta tayari umesimama kati yao.

Kisha chuma cha shoka kikatoka kwenye mpini, kikadumbukia majini. Yule mtu akalia papo hapo, na katika kilio kile kile akasema jambo ambalo wengi tungelificha: kwamba kitu kilikuwa cha kuazima. Elisha hakumuuliza kwa nini hakuukaza mpini, wala kama aliomba asubuhi. Aliuliza swali moja. Kilianguka wapi? Na Biblia inasema akamwonyesha mahali.

Nilikuwa nimesoma habari hii miaka mingi, nikiishia kwenye muujiza wa chuma kuelea, mpaka siku moja kwenye kikundi chetu tulipoamua kuanza sura moja nyuma. Nakushauri uwe na tabia hiyo: kabla ya kuuliza kifungu kinakuambia nini, tazama kimekaa kati ya nini na nini. Sura ya 5 inaishia kwa Gehazi, mtumishi wa Elisha. Alimkimbilia kwa siri Naamani, jemadari wa Shamu ambaye Elisha alikuwa amekataa zawadi zake, akapokea fedha na mavazi, akavificha nyumbani, kisha akaja kusimama mbele ya bwana wake. Elisha akamuuliza, watoka wapi, Gehazi? Akajibu kwamba hakwenda mahali popote.

Umeona? Nabii ni yule yule, kurasa zinafuatana, na maswali yote mawili yanauliza mahali. Gehazi alikuwa na mahali, akasema hapana. Huyu mkata miti aliona aibu ya kupoteza mali ya mwenzake, lakini alinyosha kidole akasema, ni pale. Gehazi alitoka pale na ukoma. Mwingine alirudishiwa shoka.

Sisemi kwamba ukimwambia mwenzako kompyuta itawaka. Huenda imekufa kabisa. Nasema kwamba wewe leo unasimama kati ya hao wawili, na hizo siku ulizokaa kimya zinakusogeza upande wa Gehazi taratibu, ingawa huna hata senti ya mtu. Ndivyo aibu inavyofanya kazi. Inaanza kwa ajali isiyo dhambi, halafu inakufundisha kujificha.

Nikusimulie kitu ambacho sikuwahi kukusimulia. Ulikuwa mdogo, umelala kwa bibi yako usiku ule. Ilikuwa zamu yangu kuwapokea watu wa ushirika nyumbani, na nilikuwa nimeandaa kifungu cha Marko 2, habari ya mtu aliyepooza akashushwa darini. Nikatoka nje kuwapokea waliofika kwanza, upepo ukausukuma mlango, kitasa kikajifunga. Ufunguo nilikuwa nauona dirishani. Ulikuwa mezani, umelala juu ya Biblia yangu, karibu na karatasi nilizoandika maswali. Na miaka ile simu zetu zilikuwa za kupiga na kupokea tu, Biblia hazikuwamo. Wengine walikuja mikono mitupu wakijua nyumbani kwangu zipo za kutosha. Tukabaki watu tisa kwenye ngazi, gizani, tukimsubiri baba yako arudi na ufunguo wake.

Nilitaka kuwaambia warudi makwao. Kulikuwa na mama mmoja mzee aliyekuwa akija karibu miaka miwili. Hakujua kusoma. Kila Jumatano mimi niliwagawia watu aya, kila mtu asome moja kwa zamu, na zamu ikifika kwake alitikisa kichwa na kumpisha jirani. Nilidhani ni mkimya. Usiku ule, tulipokuwa tumekaa bila kitabu, yeye ndiye aliyesema, "Tuanze basi, watu wanatusubiri mlangoni kwa Yesu."

Akaianza habari tangu Yesu alipoingia Kapernaumu. Mlango uliojaa watu hata nafasi ikakosekana. Mgonjwa akichukuliwa na watu wanne. Sisi tuliozoea kusoma tulikuwa tunasaidizana vipande, huyu anaruka hiki, yule anachanganya na kile. Yeye alikuwa nayo nzima. Alikuwa na masikio tu, na kwa masikio hayo aliliweka neno mahali ambapo mlango haufungiki. Mwandishi wa Zaburi 119 anasema, "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako." Mimi la kwangu usiku ule lilikuwa mezani, chini ya ufunguo.

Kisha akanisahihisha. Nilisema Yesu aliiona imani ya yule mgonjwa. Akasema kwa upole, "Imani yao, mama. Imesema imani yao." Nilipoingia ndani baadaye nilifungua Marko 2:5 kabla sijawasha hata jiko. Imani yao. Wale wanne juu ya dari, na jasho lao, na kamba zao kama walikuwa nazo. Mgonjwa mwenyewe hatukuambiwa alisema neno lolote. Na la kwanza Bwana alilomwita lilikuwa "Mwanangu."

Nililia, nikimwaza yule mama. Kwa miaka miwili nilikuwa nimewafungia mlango watu wa namna yake kwa utaratibu wangu mzuri wa kusoma kwa zamu, na sikujua mpaka mlango ulipofungwa mbele yangu mimi. Tangu wiki iliyofuata tulibadilisha: mmoja anasoma kifungu chote kwa sauti mara mbili, kisha mtu yeyote anakisimulia kwa maneno yake, vitabu vikiwa vimefungwa. Mpaka leo tunafanya hivyo.

Je, Mungu alituma upepo ule? Sijawahi kulisema hilo kwenye ushuhuda wala sitalisema. Paulo anaandika katika Warumi 8:28 kwamba katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wampendao katika kuwapatia mema. Katika mambo yote, ndiyo. Hasemi kila jambo ametupiga nalo. Ninachojua ni kwamba kama sikuwa nimekiandaa kifungu kile, na kama wale watu wangeondoka, mlango ungekuwa mlango tu na usiku ungekuwa wa kero. Somo halikuwa ndani ya ajali. Neno lilikuwa limeshasomwa, ndugu walikuwapo, na ajali ikatukuta hapo. Ndiyo maana swali lako linanipa taabu kidogo. Unaiuliza ajali ikufundishe huku umekwepa mahali ambapo ungefundishwa.

Jumatano hii nenda. Najua atakuwapo, maana ni mwenzako wa ushirika. Lakini usingoje Jumatano ndipo umwambie, wala usimwambie mbele za watu ili kikundi kimlazimishe kutabasamu. Mtafute kesho, mkiwa wawili. Mwambie: kompyuta yako imeharibika mikononi mwangu, ni glasi niliyoiweka mimi, na nimechelewa kukuambia kwa sababu niliona aibu. Hayo matatu. Usiongeze "lakini." Kisha nyamaza umwachie nafasi ya kukasirika, maana ni haki yake, na huenda ndani yake kuna kazi yake ya miezi.

Wala usiishie kwenye "nisamehe." Torati katika Kutoka 22:14 inasema wazi: ukiazima mnyama wa jirani akaumia au akafa, mwenyewe asipokuwapo, utalipa. Watu wa Mungu hawakuambiwa waombe tu samahani. Basi mwombe akuruhusu uipeleke kwa fundi, kwa gharama yako, na mkubaliane utalipaje. Kama data zake zinaweza kuokolewa, hilo liwe la kwanza, kabla ya kioo wala vitufe. Na usijaribu tena kuiwasha mpaka fundi aifungue na kuikausha. Mimi na baba yako tumezungumza. Tutachangia nusu. Nusu ni yako, na tumekusudia iwe yako. Katika habari ile ya shoka Elisha alipokifanya chuma kielee, hakumwokotea yule mtu. Alimwambia akiokote, naye akanyosha mkono wake mwenyewe.

Huenda mwenzako atakusamehe palepale. Huenda atakaa na uchungu wiki kadhaa. Likiwa hilo la pili, usiache kwenda Jumatano, na usimshitaki kwa wengine kwamba hana upendo. Kaa viti viwili mbali naye kama inabidi. Imba. Ikifika zamu ya kusimulia, simulia.

Nimeweka alama kwenye Biblia yangu katika hizo sura mbili, ya 5 na ya 6. Saa mbili usiku nitakuwa nazisoma, nikikuombea kwa jina. Ukitoka kwake nipigie, hata ikiwa usiku sana; simu itakuwa karibu na mto.

Mama yako akupendaye