Stroka si ya kila gari la turbo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji. Jumamosi iliyopita mpwa wangu alikuja kwangu na ukurasa wenu wa magari umekunjwa kwenye mfuko wa shati, na ndani ya buti la gari amelaza kranki, ule mhimili wa chuma unaozungushwa na pistoni. Mwandishi wenu ameshauri kuwa mwenye gari la turbo, ile feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, anayetaka nguvu zaidi aanze kwa kujenga stroka, yaani atoe kranki ya kiwandani na kuweka nyingine inayoipa pistoni safari ndefu zaidi. "Mjomba, hata gazeti limesema," akaniambia. Mimi ni fundi wa injini, mwaka wa 27 huu. Stroka nimejenga tatu, na moja ilikuwa ya gari langu mwenyewe, kwa hiyo sisemi kwa kusikia.

Gari la mpwa wangu lina 4G63 ya Mitsubishi, injini iliyofungwa kwenye Lancer Evolution ya kwanza hadi ya tisa. Silinda zina kipenyo cha milimita 85 na pistoni inasafiri milimita 88, jumla cc 1997. Kranki aliyoinunua ni ya injini ndugu na hiyo, 4G64, yenye safari ya milimita 100. Ukiifunga kwenye bloku hiyohiyo unapata kama cc 2270, na mafundi wanaiita 2.3. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 14, na ndipo mwandishi wenu alipoweka kalamu chini.

Mimi nilimkalisha mpwa wangu tukaendelea na hesabu nyuma ya ukurasa uleule. Injini ikizunguka mara 8000 kwa dakika, pistoni ya milimita 88 inakwenda kwa wastani wa mita 23.5 kwa sekunde. Ile ya milimita 100 inafika kasi hiyo ikiwa kwenye 7000 tu. Haya, zidisha lita 1.997 kwa 8000, kisha lita 2.27 kwa 7000. Unapata 15,976 na 15,890. Kijana alirudia mara mbili kwenye simu akidhani nimekosea. Sikukosea: upana wa silinda haujaguswa, hivyo pistoni zikienda kwa kasi moja zinafagia hewa ileile. Stroka inakupa hewa hiyo mapema, kwenye mizunguko ya chini. Haikuongezei hewa kule juu mpaka ukubali kuzikimbiza pistoni kuliko zamani. Wapo wanaofanya hivyo kwa vyuma bora na maisha yanaendelea, lakini hiyo ni gharama nyingine na ukurasa wenu haukuitaja.

Tena hii ni injini ya turbo. Kilele cha nguvu kinategemea turbo inaweza kusukuma hewa kiasi gani, na mafuta yapo ya kutosha kuifuata. Mtu mwenye turbo ya kiwandani iliyokwisha kufika mwisho wa uwezo wake akijenga 2.3, turbo itabaki ileile, na itafika mwisho huo kwenye mizunguko ya chini zaidi.

Stroka yangu mwenyewe siijutii. Beringi zilikuwa zimekwisha kuila kranki ya zamani, injini iko wazi mezani, na turbo niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa, haiamki, yaani haianzi kusukuma hewa kwa nguvu, mpaka karibu mizunguko 5000. Kwa kranki ndefu ikaanza kuamka kwenye 4400 hivi, na gari likawa linaondoka kwenye taa bila kubembelezwa. Wiki ya kwanza, hata hivyo, nilidhani turbo imeugua, maana geji ilisoma presha ndogo kuliko zamani ingawa gari lilikwenda vilevile. Ikanichukua siku mbili kukumbuka kitu ninachowafundisha wengine: presha ile ni hewa inayosubiri kumezwa, na injini yangu sasa ilikuwa na koo pana zaidi.

Kosa langu lilikuja baadaye. Nilikataa kushusha kikomo cha mizunguko, nikaendelea kuipeleka 8000 kama zamani. Konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, ni zilezile za milimita 150, kwa hiyo uwiano wa urefu wake kwa safari ya pistoni ulishuka kutoka 1.70 hadi 1.50. Konrodi inalala zaidi, pistoni inaegemea ukuta wa silinda zaidi, na kule juu kabisa, pistoni inapogeuka, mvuto kwenye boliti za konrodi unaongezeka kwa asilimia 17 kwa mizunguko ileile. Siku nilipopasua filta ya oili nikaona unga unaong'aa, nilijua bila kuuliza. Beringi za konrodi, zote nne.

Ufungaji wenyewe nao haukuwa wa kubandika na kubandua. Kiwiko cha kranki, pale konrodi inaposhikwa, kinatoka nje milimita 6 zaidi kila upande, kwa hiyo pistoni lazima ziwe zile zilizopandishwa tundu la pini milimita hizohizo 6, la sivyo zitachungulia juu ya bloku. Nilipoizungusha kwa mkono kabla ya kufunga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, boliti moja ya konrodi iligusa chini ya silinda ya tatu. Mguso mdogo tu, tiki. Ningepiga stata badala ya kuzungusha kwa spana, nisingeisikia.

Basi nilimuuliza mpwa wangu mambo mawili. Injini yako ina ugonjwa gani? Hana jibu, tulipima kompresheni, yaani jinsi silinda zinavyobana hewa, na zote nne zilikuwa nzima na zinakaribiana. Turbo yako inaamka wapi? Ni ya kiwandani, kwenye gia ya tatu imejaa kabla ya 3500. Yaani kijana anataka kufungua injini nzima ili atibu uchelewaji asiokuwa nao! Akitaka nguvu, aanze na turbo, injekta, pampu ya mafuta na fundi mzuri wa kupanga kompyuta ya injini, na klachi asiisahau. Siku injini itakapodai yenyewe kufunguliwa, tutazungumza tena habari ya stroka.

Namwomba mwandishi wenu arudie mada hii na safari hii aulize kwanza msomaji ana turbo gani. Kranki ya mpwa wangu iko kwangu. Nimeipaka oili, nimeifunga kwenye gunia na kuisimamisha wima pembeni mwa kabati isije ikapinda.

Fundi wa injini, msomaji wenu wa siku nyingi