Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayeingia darasa la 12

Marahaba, mpwa wangu. Picha ya ratiba ya mwaka ujao, mwaka wako wa mwisho wa sekondari, nimeiona, nikaikuza hadi nikasoma kila kisanduku: Kiingereza, Serikali na Uchumi, uchoraji, kipindi kimoja cha kusaidia ofisini, kisha saa tano na nusu unatoka kwenda kazini. Chini yake umeandika, "Mjomba, chuo wataninyima kwa sababu mwaka wangu ni mwepesi?" Nakujibu hadharani kwa kuwa watoto wengi wa kwetu huku Minnesota wana swali hilo hilo, na wazazi wao hawajui wamuulize nani.

Nianze kwa kukutoa hofu. Anayesoma maombi yako chuoni hakai kuhesabu vipindi. Anataka kujua shule yako ina masomo gani, na katika hayo wewe ulichukua yapi. Ndiyo maana mshauri wa shule, pamoja na matokeo yako, hutuma maelezo ya shule yenyewe, na kwenye fomu za Common App, mfumo wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja, huulizwa masomo yako yalikuwa magumu kiasi gani ukilinganishwa na wenzako wa hapo hapo. Kwa vyuo kama Harvard na Stanford, vinavyochukua watu wasiofika 5 katika kila 100 wanaoomba, mwaka mwepesi unaumiza, sikufichi. Ila wewe unataka unesi, tena karibu na nyumbani, na vyuo vingi vya Marekani huchukua zaidi ya nusu ya waombaji.

Kwa hiyo uchache wa masomo haunikoseshi usingizi. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba hesabu haimo.

Unasema mshauri amekuhakikishia kuwa masharti yote umetimiza. Ni kweli, masharti ya kuhitimu. Ili upewe diploma, Minnesota inadai miaka mitatu ya hesabu, na hiyo unayo. Lakini University of Minnesota, kampasi ile ya Twin Cities unayoitaja kila siku, inataka miaka minne. Mtoto anaweza kuvaa joho mwezi wa sita, akapigiwa vigelegele na ukoo mzima, kumbe kwa chuo anachokitaka amepungukiwa na mwaka mzima wa hesabu. Hakuna aliyemdanganya. Aliuliza habari za kuhitimu, akajibiwa habari za kuhitimu. Wewe nenda kaulize habari za chuo, ukikitaja kwa jina.

Na nesi gani asiyehitaji hesabu? Huko kwenye nyumba ya wazee unakofanya kazi unawaona manesi wakigawa dawa. Mzee amepimwa kwa pauni, dozi imeandikwa kwa kilo. Dripu inatakiwa iishe kwa saa kadhaa, sasa ni matone mangapi kwa dakika? Ukikaa mwaka mzima bila kugusa hesabu, halafu chuoni ukutane na takwimu na kemia kwa pamoja, utateseka bure. Kalkulasi kama huitaki iache, chukua takwimu. Kile kipindi cha ofisini kitoe, kupanga mafaili hakukufikishi popote. Ukipata na nafasi ya anatomia, mjomba wako atafurahi sana.

Kuna njia nyingine ambayo wengi wetu tunaipita bila kuiona. Tangu mwaka 1985 Minnesota ina mpango unaoitwa PSEO: mwanafunzi wa darasa la 11 au la 12 anasoma masomo ya chuo akiwa bado sekondari, na hatozwi ada wala vitabu. Takwimu unaweza kuisoma huko, ikahesabiwa pande zote mbili. Tahadhari yake ni moja: maksi za huko zinaingia kwenye rekodi yako ya chuo na hazifutiki, kwa hiyo usijaze masomo manne kwa tamaa. Moja linakutosha. Muulize mshauri wiki hii hii, kabla shule hazijafungwa.

Sasa hilo la kazi. Umeniandikia kwamba unaona aibu kusema unatoka mapema kwenda kuwaogesha wazee wa watu, halafu jioni unawapokea wadogo zako kwa sababu mama yako yuko zamu ya usiku. Aibu ya nini, mwanangu? Kwenye Common App kuna nafasi 10 za kuandika shughuli zako, na kazi ya mshahara imo, majukumu ya nyumbani yamo. Andika saa unazofanya kwa wiki. Andika kwamba unawapikia wadogo zako na kuwasimamia kazi za shule. Kuna na sehemu ya maelezo ya ziada: sema kwa sentensi chache kwa nini unatoka saa tano na nusu. Asiyeambiwa atadhani ulikuwa umelala. Na mwombe mshauri naye aliseme kwenye barua yake, maana likitoka kwa mtu wa pili lina uzito.

Dada yangu, mama yako, anaamini kuwa ukifanya mtihani mzuri mwishoni yameisha. Simlaumu. Sisi tulilelewa Tanzania, ambako mtihani wa taifa wa kidato cha sita ndio unaoamua. Huku mtihani wa namna hiyo haupo. Wanatazama darasa la 9 hadi la 12, na hawaachi kutazama hata wakishakukubali. Katikati ya mwaka shule hutuma maksi za muhula wa kwanza, na ukimaliza hutuma za mwisho. Nafasi utakayopewa ina sharti la kumaliza vizuri, na ukiacha somo uliloandika kwenye maombi, ni lazima uwaarifu. Watu wamewahi kunyang'anywa nafasi mwezi wa saba.

Kwa hiyo Jumatatu mwone mshauri, ukiwa na jina la chuo na orodha ya masharti yake mkononi. Kuhusu kupunguza zamu moja ya wiki ili upate muda wa takwimu, usimwambie mama yako wewe. Niachie mimi, nitampigia Jumapili akitoka kanisani.

Mjomba wako