Msako wa madada poa uwafikie na mabosi wao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Huku kwetu Mtwara minada ya korosho ikianza, Oktoba hivi, hela ikianza kuingia kwa wakulima wa Tandahimba, Newala na Masasi, baa zinajaa na wasichana wageni nao wanajaa, alafu utasikia msako umepita, madada poa wamekamatwa, wanapandishwa kwenye difenda huku watu wanawapiga picha na simu. Wanaume waliokuwa nao wanaachiwa waende zao na mwenye gesti yupo kaunta anapokea hela ya vyumba.

Hivi hawa mabinti wanafikaje mjini? Wengi wanafuatwa kijijini na dalali, wanaambiwa kuna kazi ya uhudumu wa baa, kula kulala bure. Wakifika wanakutana na daftari la bosi, nauli deni, hela ya dalali deni, sare deni, glasi ikivunjika deni, mwisho wa mwezi mshahara umeshaliwa wote na daftari. Hapo bosi hana haja ya kumpiga mtu, anamwambia tu mteja wa meza ile kakupenda, kamchangamkie, na binti hana hata nauli ya kurudi kwao. Huyo ndo tunampeleka mahakamani kwa kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu, kile kinachomtaja kahaba pamoja na ombaomba!

Na sheria ya kumbana bosi ipo jamani. Sheria ya usafirishaji haramu wa binadamu ya 2008 haisemi lazima mtu avushwe mpaka, ukimtoa binti Nanyumbu kwa uongo ukamleta mjini umtumikishe kingono tayari ni kosa, na 2022 wakaondoa ule mwanya wa kulipa faini ukakwepa jela. Kama hajafika miaka 18 hapo hakuna cha alikubali wala hakukubali.

Wapo wanaotaka biashara iruhusiwe tu kama New Zealand walivyofanya 2003. Siungi mkono, maana hapa kwetu atakayenufaika ni yule yule mwenye daftari. Mimi naona bora Sweden, tangu 1999 anayeadhibiwa ni mnunuzi, anayeuza haguswi. Najua wengine watanijibu kwa dini, na mimi ni muislamu, zinaa ni haramu, lakini zinaa ni ya watu wawili, mbona kwenye difenda anapanda mmoja?

Wabunge wetu wa Mtwara na Lindi hicho kifungu kipelekeni bungeni kirekebishwe. Na maofisa kazi msingoje kesi, piteni kwenye baa kabla minada haijaanza, ombeni mikataba ya wahudumu na hayo madaftari, na muongee na mabinti bosi akiwa hayupo.

Msomaji wako,
Mtwara Mikindani