Htein Lin ni mchoraji, si mume wa balozi tu

Mhariri,

Agosti 2022 watawala wa kijeshi wa Myanmar walipomkamata Vicky Bowman, balozi wa zamani wa Uingereza nchini humo, pamoja na mumewe, karibu kila habari niliyosoma ilimtaja mwanamume huyo kama mume tu. Jina lake ni Htein Lin, na ni mchoraji. Naomba nafasi nimweleze kidogo, kwa sababu naona hakutendewa haki.

Alizaliwa 1966 huko Ingapu, jimbo la Ayeyarwady. Chuo cha sanaa hakukipitia. Chuo kikuu alisoma sheria. Maandamano ya 1988 ya kudai demokrasia yalipozimwa kwa risasi, alikimbilia mpakani mwa India na wanafunzi wenzake. Huko porini mchoraji Sitt Nyein Aye alimwonyesha misingi ya uchoraji, wakichora mchangani kwa kijiti. Mengine alijifunza mwenyewe.

Na mengi alijifunzia gerezani. 1998 alihukumiwa miaka 7 kwa sababu za kisiasa. Hakuwa na brashi wala turubai, basi akachora juu ya sare nyeupe za wafungwa, ambazo wenzake walimpa ilhali nao hawakuwa nazo za ziada. Rangi zilimfikia kwa siri kupitia askari magereza. Alipaka kwa vidole, kwa bomba la sindano, hata kwa kigurudumu cha kiberiti cha gesi. Kazi zaidi ya 200 zilitoroshwa nje. Mwenyewe alitoka Novemba 2004.

Iko moja ambayo siwezi kuisahau tangu nilipoona picha yake. Si mchoro, ni kipande cha sabuni. Ndani yake alichonga mtu aliyejikunyata, kichwa magotini, amebanwa kila upande. Sote tumeshika sabuni ya kufulia mkononi; tunajua ni padogo kiasi gani.

Baadaye, akiishi London, alianguka na baiskeli akavunjika mkono. Ile plasta aliyofungwa ikampa wazo. Aliporudi Myanmar mwaka 2013 alianza kuwafuata waliowahi kufungwa kwa ajili ya siasa na kuchukua umbo la mkono wa kila mmoja kwa plasta, hadi ikafika mamia. Mfupa uliovunjika hufungwa plasta upate kuunga, na nchi yake aliiona hivyo.

Huyo ndiye aliyerudishwa gerezani Septemba 2022, kwa kifungo cha mwaka mmoja, eti kwa suala la kusajili anwani ya makazi ya mkewe. Waliachiwa wote wawili Novemba kwa msamaha. Hata kama asingekuwa na mke balozi, hiyo ilikuwa habari.

Ombi langu, Mhariri: mkimwandika tena, jina lake litangulie na kazi yake ifuate. Na ukurasa wa utamaduni ukipata nafasi Jumapili moja, tuwekeeni picha ya ile sabuni.

Msomaji wako,
Tanga