Mkorosho Hausubiri Julai: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Fedha na Mipango

Mtwara, Juni 2018

Mheshimiwa Waziri,

Tunakusalimu kwa heshima. Tumeusoma Muswada wa Sheria ya Fedha wa mwaka 2018 na tumefika kwenye kipengele kinachogusa kifungu cha 17A cha Sheria ya Tasnia ya Korosho. Kikipita kilivyo, ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, iliyotengwa kisheria kwa ajili ya kuliendeleza zao, itaingia yote Mfuko Mkuu wa Hazina, pamoja na asilimia 35 ambayo tayari ni yenu. Wabunge wa Kusini wamelipinga hilo bungeni. Sisi tunaandika ili ujue kitakachotokea shambani.

Kwanza ijulikane anayelipa ushuru huu ni nani. Sheria inamtaja msafirishaji: asilimia 15 ya thamani ya korosho bandarini au dola 160 kwa tani, ile iliyo kubwa. Lakini mnunuzi anapoandika zabuni yake ya mnada huwa ameshapiga hesabu ya ushuru, usafiri na faida, na kinachobaki ndicho anachotuandikia. Tani ikiuzwa dola 2,000, ushuru ni dola 300. Asilimia 65 ya hizo ni dola 195, karibu shilingi 440 kwa kila kilo. Fedha hiyo imeshatoka kwenye bei ya mkulima kabla bei haijasomwa. Ikirudi kwake kama salfa, ile dawa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho, na miche, hajapewa msaada.

Sasa salfa yenyewe. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hushambulia machipukizi na maua machanga. Ukishauona ule unga mweupe umetanda kwenye maua, hayo yamekwisha: yatageuka kahawia, yatakauka na kudondoka bila kushika korosho. Salfa haitibu, inakinga. Ndiyo maana mzunguko wa kwanza hupulizwa maua yanapoanza kuchomoza, kisha kila baada ya siku 14, mara nne au tano, tena alfajiri, upepo haujaanza na umande ungalipo wa kuushika unga. Mti mkubwa unataka gramu 250 kila mzunguko. Ekari yenye miti 28, iliyopandwa mita 12 kwa 12, inakula kilo 28 kwa mizunguko minne. Mfuko mmoja wa kilo 25 hautoshi. Aliyekosa mzunguko wa kwanza na wa pili anaweza kuchoma petroli ya mashine mwezi mzima na asiokoe kitu cha maana, kwa sababu maua yaliyotangulia yameshaungua.

Salfa hiyo haitengenezwi Newala wala Masasi. Inaagizwa nje, inakuja kwa meli, inapakiwa kwenye malori hadi wilayani, kisha inagawanywa kwa chama cha msingi cha ushirika kimoja kimoja. Ili iwe ghalani Aprili au Mei, lazima iwe imelipiwa mwanzoni mwa mwaka. Ushuru wa korosho ulikwenda na kalenda hiyo: minada inaanza Oktoba, mzigo unasafirishwa, ushuru unaingia, na ile asilimia 65 iliyotengwa kwa zao inaagiza salfa ya msimu unaofuata. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1, na kufikia hapo mikorosho imeshaanza kuchanua. Mtatujibu kwamba fedha ya Julai hii inaweza kununua salfa ya mwakani. Inaweza, kama haitahamishiwa kwingine kati ya Julai na Januari. Kifungu cha 17A kilikuwepo kuzuia hilo hasa.

Wala hatubashiri. Msimu wa 2017/18 ulivuka tani 300,000, na katika baadhi ya minada bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Mgao wa ushuru wa msimu huo, ambao wabunge wetu wanaudai, haujafika kwenye zao mpaka leo, na sheria ingali inasema ufike. Mheshimiwa, ikiwa sheria ipo na hatulipwi, ikiondolewa tutashika nini?

Wanaosafirisha korosho ghafi wana njia zao za kuifikia wizara. Wabanguaji nao wana zao, ingawa viwanda vingi vilivyojengwa na Serikali kwa mikopo vilibinafsishwa vikageuka maghala. Mkulima wa ekari tatu anafika Dodoma kupitia mbunge wake tu. Inaelekea walioandika kipengele hiki walitazama jedwali la mapato, wakaona fedha nyingi, wasiulize zinafanya kazi gani na mwezi gani.

Kama mna shaka na matumizi ya fedha hizo, kagueni. Chapisheni hesabu za kila msimu, zibandikwe kwenye mbao za vyama vya msingi, na aliyezitumia vibaya apelekwe mahakamani. Tutawaunga mkono. Lakini ubadhirifu wa mtu mmoja haumalizwi kwa kuchukua haki ya wakulima wote.

Tunaomba kipengele hicho kiondolewe kwenye muswada kabla haujapitishwa. Tunaomba mgao wa 2017/18 utolewe sasa, maana maua yameanza kuchomoza na kuna vyama vya msingi ambavyo salfa haijafika. Na kama yote mawili ni mazito kwenu, basi tunaomba hili moja, na tutalirudia kila tutakaposikilizwa: asilimia 65 ibaki ndani ya sheria.

Wakulima wa korosho,
Mtwara na Lindi